Maji Meupe Yaliua Samaki Wangu 18: Sasa Ununue Kipimo Gani cha Maji ya Tangi?

Leo siasa na bei ya dagaa naziweka pembeni kidogo. Wiki iliyopita vijana watatu wa Butiama walinifuata hapa mjini Musoma, wamechanga hela yao na kuiweka kwenye bahasha. Wanataka kuweka tangi la samaki wa mapambo kule kwao, wageni wanaokwenda Makumbusho ya Mwalimu Nyerere wakipita waone samaki wa Ziwa Victoria wakiwa hai, siyo kwenye sahani tu. Wazo zuri sana. Swali lao lilikuwa hili:

"Kaka, mtandaoni tumekuta vipimo vya maji vya kila aina. Kuna vijiti vya kuchovya, kuna chupa za matone, kuna vya betri. Tununue kipi? Au tuachane navyo, hiyo hela tuongezee tangi liwe kubwa?"

Nikawajibu hapo hapo: nunueni tangi dogo kidogo, lakini kipimo msikiache. Wakaniangalia kama vile nina undugu na muuza vipimo. Ndiyo maana nimeamua kuandika hapa, ili na wewe uliyekaa hapo kafe na dakika zako 30 usome, utoe nakala ukipenda, usije ukapata yaliyonipata mimi.

YALIYONIPATA MIMI

Nilipomaliza kidato cha nne, wakati nasubiri matokeo, mjomba alinipa kibarua kwenye nyumba yake ya wageni hapa Musoma. Mapokezi alikuwa ameweka tangi la kioo la lita 120. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha samaki na kuhakikisha kioo kinang'aa. Kulikuwa na samaki 18, wengine wale wekundu wa dukani na wengine furu wadogo wa ziwani.

Mimi nikajua usafi ndiyo kila kitu. Siku ya kwanza nikamwaga maji yote. Nikatoa ile sponji ya filta, ilikuwa ya kahawia na inateleza, nikaifikicha kwenye maji ya bomba mpaka ikawa kama mpya. Nikajaza maji mapya. Tangi likawa linang'aa, maji meupe kama ya chupa. Mjomba alipopita akasema, "Hapo sasa, mjomba, umefanya kazi." Nilivimba kichwa!

Siku ya tatu samaki wakaanza kwenda juu kuhema. Siku ya tano wakafa wanne. Kufikia siku ya tisa hakubaki hata mmoja. Maji bado meupe vile vile! Mjomba akaniita.

"Umewalisha nini hawa?"

"Chakula kile kile cha kwenye kopo, mjomba."

"Basi umewawekea sabuni."

Nikaapa sikuweka sabuni. Hakuniamini, na simlaumu. Kibarua kikaishia hapo, na nyumbani mama akaanza kuniangalia kwa jicho la "huyu hata samaki wamemshinda".

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mfugaji wa samaki wa bwawa kutoka Bunda, alikuwa mgeni pale. Alikuwa na kisanduku chenye vichupa vya matone. Akachota maji ya lile tangi kwenye tyubu ndogo ya kioo, akadondosha matone, akatikisa, akasubiri dakika tano. Maji yakageuka kijani kibichi. Akamwambia mjomba, "Kijana hajaweka sabuni. Samaki wamekufa kwa amonia. Kosa lake ni kuosha sana." Mjomba akanyamaza. Kibarua sikurudishiwa, lakini jina langu lilisafishwa. Tangu siku hiyo nikaamua kuyajua haya mambo.

KWANI NDANI YA TANGI KUNA NINI?

Samaki anakula, anajisaidia, na anahema. Taka yake kubwa inayotokea kwenye mashavu yake ni amonia. Chakula kilichobaki kikioza, nacho kinatoa amonia. Ziwani maji ni mengi, hivyo haijikusanyi. Kwenye tangi la lita 120 samaki anaishi ndani ya choo chake mwenyewe, samahani kwa lugha.

Kinachomwokoa ni bakteria. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kundi la pili linakula nitriti na kutoa nitrati, ambayo si hatari sana, unaipunguza kwa kubadilisha maji kiasi kila wiki. Hawa bakteria hawaelei tu kwenye maji. Wanakaa kwenye changarawe, kwenye mawe, na zaidi ya yote kwenye ile sponji ya filta. Ule utelezi wa kahawia nilioufikicha mimi ndiyo ulikuwa mtambo wenyewe wa kusafisha maji! Na maji ya bomba yana klorini, dawa ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Yaani niliwaua mara mbili.

Tangi jipya linachukua kama wiki 4 hadi 6 mpaka bakteria watoshe. Katika wiki hizo ndipo samaki wengi wa watu wanakufa, na ndipo watu wanasema "samaki wa dukani wana mkosi". Hakuna mkosi. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki huwezi kuinusa. Macho hayakusaidii kitu.

KWA NINI SISI WA ZIWA VICTORIA TUWE MAKINI ZAIDI

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa chenga, kwa hiyo soma taratibu.

Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni kali inayopenya kwenye mashavu ya samaki na kumuua, nyingine ni ya upole. Vipimo vya kawaida vinakupa jumla ya zote mbili. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe kikali ni pH ya maji na joto. pH ni ule uchachu na ualkali tuliosoma shuleni: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali.

Chukua maji ya nyuzi joto 25, kipimo kinasema jumla ya amonia ni miligramu 1 kwa lita:

- pH ikiwa 7, ile kali ni kama miligramu 0.006 tu.
- pH ikiwa 8, ile kali inafika kama 0.05.
- pH ikiwa 9, ile kali inafika kama 0.36.

Samaki wengi wanaanza kuumia kuanzia kama 0.02 hadi 0.05. Umeona? Kipimo ni kile kile, "1", lakini kwenye pH 7 samaki anahema vizuri, na kwenye pH 9 anakufa. Maji ya Ziwa Victoria mara nyingi yako kati ya pH 7 na 9, na mwani ukiwa mwingi mchana yanapanda. Kwa hiyo mtu wa Musoma akinunua kipimo cha amonia bila cha pH, ni sawa na kujua bei bila kujua ni ya kilo au ya gunia.

AINA TATU ZA VIPIMO

Kwanza, ukienda dukani usiseme "nataka kit", utaletewa kiti ukae. Sema unataka seti ya kupimia maji ya samaki.

1. Vijiti vya kuchovya. Unachovya, unasubiri kidogo, unalinganisha rangi na za kwenye kopo. Ni rahisi na ni vya haraka. Tatizo ni kwamba vijiti vingi vya "5 kwa 1" au "6 kwa 1" vinapima pH, nitriti, nitrati, ugumu wa maji na labda klorini, lakini AMONIA HAIMO. Kijiti cha amonia huwa kinauzwa peke yake. Mimi kipimo changu cha kwanza kununua kilikuwa hivi vijiti, sikusoma kopo, nikakaa mwezi mzima najiona mtaalamu huku kile kilichoniulia samaki sikipimi. Tena kopo likiachwa wazi, unyevu wa hapa ziwani unaviharibu.

2. Seti ya matone. Tyubu ya kioo, vichupa, kadi ya rangi. Inachukua dakika kadhaa kwa kila kipimo lakini ni sahihi zaidi, na seti moja inapima mara mamia. Kwa mfano seti kubwa ya API ya maji baridi ina vipimo vitano: pH ya kawaida, pH ya juu, amonia, nitriti na nitrati. Ukigawa bei kwa idadi ya mara unazopima, inakuwa rahisi kuliko vijiti. Kwa vikundi kama hawa wa Butiama mimi nasema hii ndiyo yenyewe.

3. Vya betri. Hapa angalia usiibiwe. Kuna kalamu ya pH, hiyo ni nzuri kama utaitunza: inabidi uirekebishe mara kwa mara kwa maji maalumu ya pH 4, 7 au 10, na ncha yake isikauke. Usipoirekebisha inakudanganya kwa namba zenye nukta, na wewe unaamini kwa sababu imeandika 7.83! Halafu kuna kalamu nyingine inayouzwa sana, inaonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Wauzaji wanasema "hii inapima usalama wa maji". Siyo kweli. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Haiwezi kutofautisha chumvi na chokaa, na amonia ya kuua tangi zima haitaiona. Usinunue hiyo ukidhani umemaliza.

MAJI BARIDI NA MAJI YA CHUMVI SIYO SETI MOJA

Baada ya vijiti nikaagiza seti ya matone mtandaoni. Ikaja. Nikapima pH ya tangi dogo nililokuwa nimeanzisha nyumbani, rangi ikagoma kwenye alama ya chini kabisa, 7.4. Kesho 7.4. Wiki nzima 7.4. Nikafurahi, nikasema maji yangu yametulia. Kumbe seti ilikuwa ya maji ya bahari! Kadi yake inaanzia 7.4 kwenda juu, kwa hiyo hata maji yakiwa 6.5 inaonyesha 7.4. Kosa lilikuwa langu, boksi liliandikwa vizuri tu.

Tofauti zenyewe ni hizi:

pH. Maji ya bahari kwa kawaida ni kama 8.1 hadi 8.4, kwa hiyo seti ya bahari inapima sehemu ya juu tu. Maji baridi yanaweza kuwa popote, ndiyo maana seti nzuri ya maji baridi ina pH mbili. Kwa huku kwetu hakikisha ile ya juu imo, kwa sababu ile ya kawaida inaishia 7.6 na maji ya ziwa yanaipita.

Amonia. Kuna seti za aina mbili. Moja inatoa rangi ya njano kwenda kijani, inaitwa ya salisileti. Nyingine inatoa njano kwenda machungwa au kahawia, inaitwa ya Nessler. Ya salisileti inafanya kazi kwenye maji yote, ila kadi ya rangi ya maji baridi na ya bahari zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo soma kadi yako. Ya Nessler kwenye maji ya bahari inaweza kufanya ukungu ukashindwa kusoma, na ina zebaki, ile sumu ambayo ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu wanaijua vizuri. Usiimwage ovyo. Tena ukiwa umetumia dawa ya kuondoa klorini, Nessler inaweza kukupa jibu la uongo.

Nitriti. Kwenye maji baridi nitriti inaingia kwenye damu ya samaki, damu inageuka kahawia na inashindwa kubeba oksijeni. Kwenye bahari kloridi iliyomo kwenye chumvi inaizuia kuingia, kwa hiyo haitishi sana. Ndiyo maana wafugaji wa maji baridi nitriti ikipanda wanaweka chumvi kidogo, kama gramu 1 kwa lita, huku wakibadilisha maji. Mtu wa bahari kipimo hiki anakihitaji zaidi kujua tangi limefika wapi. Sisi tunakihitaji kwa uhai.

Chumvi. Nyie wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa mkitaka tangi la bahari, kipimo chenu cha kwanza ni cha chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita. Kuna kile cha plastiki chenye mshale, ni cha bei nafuu ila viputo vya hewa vinakidanganya. Kuna cha lenzi, unadondosha tone moja unachungulia kwenye mwanga. Cha lenzi ni bora, ila kirekebishe kwa maji ya kupimia ya gramu 35, siyo kwa maji ya kunywa tu. Na kumbuka maji yakipungua kwa joto, kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Unaongeza maji baridi, siyo ya bahari.

Mkifuga matumbawe ndiyo mnaongeza kipimo cha kalsiamu, alkali, magnesiamu na fosfati. Hapo kuna kampuni kama Salifert na Hanna zinazojulikana kwa kazi hiyo. Ila kwa mtu wa Bunda mwenye tangi la furu, kununua kipimo cha kalsiamu ni kununua viatu vya mpira ukacheze bao.

MAJI YAKO YANATOKA WAPI?

Kabla hujanunua jiulize hili, kwa sababu linaamua kipimo cha ziada.

Maji ya bomba, kama ya Musoma mjini au ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, yanatoka ziwani na yanatiwa dawa. Hapo pata kipimo cha klorini, hata kile cha mabwawa ya kuogelea kinafaa. Kama huna, acha maji kwenye ndoo wazi saa 24 na pampu ya hewa ikipiga, klorini ya kawaida itatoka. Au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Maji ya kisima, ambayo wengi wa Bunda na vijijini wanayatumia, yana tabia yake. Yakitoka tu ardhini yanaweza kuwa na gesi ya kaboni nyingi, pH ikaonekana iko chini. Baada ya siku moja ya kupata hewa inapanda. Kwa hiyo pima mara mbili, yakitoka na baada ya saa 24. Ile ya pili ndiyo samaki wako atakayoishi nayo.

Maji ya ziwa yenyewe ni laini, hayana madini mengi. Uwezo wake wa kuzuia pH isiyumbe ni mdogo. Wale bakteria wakifanya kazi wanatengeneza asidi, na tangi lisilobadilishwa maji miezi linaweza kushuka pH taratibu bila wewe kujua. Kipimo cha uwezo huo mara nyingi kinaandikwa KH. Si cha kununua siku ya kwanza, lakini ukiona pH inashuka kila wiki, ndicho kitakachokuambia sababu.

Na wale wa mabwawa na vizimba, nyie kipimo kikubwa ni oksijeni. Bwawa la kijani mchana lina oksijeni nyingi na pH ya juu, alfajiri oksijeni imeisha. Ukipima saa nane mchana tu utaona kila kitu safi, halafu saa kumi na moja alfajiri samaki wanaelea. Pima alfajiri oksijeni, pima alasiri pH na amonia.

JINSI YA KUPIMA BILA KUJIDANGANYA

- Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujatoa hela. Kama imefutwa, rudisha.
- Suuza tyubu kwa maji unayopima. Jaza mpaka kwenye mstari, usikadirie.
- Shika chupa ikiwa imesimama wima kabisa, chini juu, ili matone yawe sawa. Hesabu kwa sauti.
- Seti ya nitrati usiifanyie haraka. Kwenye zile za API chupa ya pili unaitikisa sekunde 30, tyubu unaitikisa dakika nzima, unasubiri dakika 5. Usipotikisa unapata nitrati ndogo ya uongo.
- Soma rangi mchana, karibu na dirisha, kadi nyeupe nyuma. Siyo kwenye taa ya njano.
- Tumia saa ya simu, siyo "kama dakika tano hivi".
- Hakikisha seti yako ni nzima: pima maji ya kunywa ya chupa, amonia iwe sifuri. Kisha weka chakula cha samaki kwenye kikombe cha maji siku tatu kioze, upime tena. Kama bado ni sifuri, umeuziwa maji ya rangi.
- Angalia kadi inasoma nitrati yenyewe au nitrojeni iliyo ndani ya nitrati. Namba 10 ya nitrojeni ni kama 44 ya nitrati. Watu wanabishana bure wakati wanasoma kadi tofauti.
- Maji uliyopimia usiyarudishe kwenye tangi! Na hivyo vichupa weka mbali na watoto, vingine vina asidi na sumu.

Ukikuta amonia au nitriti iko juu ya sifuri, usifanye nilivyofanya mimi. Acha kulisha siku moja, badilisha robo hadi nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini, usiguse filta, pima tena kesho. Filta ukitaka kuisafisha, isuuze kidogo kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Ila kama tangi ni la zamani, pH imeshuka sana na amonia ni nyingi, badilisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukimwaga ghafla maji ya pH ya juu, ile amonia ya upole inageuka kali kwa mpigo.

SASA KWA NINI BUTIAMA NI SUALA KUBWA

Hawa vijana nimewaambia kitu ambacho walikuwa hawakijui, na nadhani wengi wenu hamkijui. Kuna furu wa Ziwa Victoria mwenye jina la Mwalimu. Kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei. Walimwandika kwenye kumbukumbu za sayansi mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, wakifanya kazi Ghuba ya Mwanza, na jina likawa heshima kwa Mwalimu Julius Nyerere. Na hilo jina la mbele, Pundamilia, ni Kiswahili chetu, kwa sababu ya ile mistari yake myeusi ubavuni. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, ukimwona utadhani amechorwa.

Huyu samaki anafugwa kwenye matangi Ulaya na Marekani miaka mingi. Furu wetu walikuwa zaidi ya aina 500, kisha sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 akaongezeka sana, na kwenye miaka ya 1980 aina nyingi zikapotea. Maji nayo yakachafuka. Baadhi ya aina hizo zimeendelea kuishi kwenye matangi ya watu wa mbali, kwenye bustani za wanyama na nyumbani kwa wafugaji. Hao watu hawana ziwa. Wana tangi, filta, na kile kisanduku cha vichupa.

Sasa fikiria mgeni anafika Butiama, anaambiwa "huyu ndiye samaki mwenye jina la Mwalimu", na samaki anaelea tumbo juu. Kwa Mwalimu mwenyewe! Hiyo aibu hata mimi siitaki. Wakati kule ng'ambo mtu wa ghorofa ya nane anamfuga mpaka anazaa.

Kwa hiyo kwa hela yenu iliyo kwenye bahasha, mpangilio wangu ni huu: kwanza amonia ya matone, aina ya salisileti. Pili pH, ile ya juu iwemo. Tatu nitriti. Nne kipimajoto, ni cha bei ndogo. Tano njia ya kuondoa klorini. Sita nitrati. KH mkipata nyongeza. Seti kubwa ya maji baridi inafunika nne kati ya hizo kwa mpigo. Tangi jazeni maji, washeni filta, leteni samaki wawili watatu kwanza, siyo kumi na nane. Pimeni kila siku na kuandika kwenye daftari mpaka amonia na nitriti zote zikae sifuri. Na kabla ya kuchukua samaki yeyote ziwani, pitieni kwa afisa uvuvi wa wilaya mfuate taratibu.

Walisoma daftari langu, wakahesabu hela upya, wakaniambia tangi litakuwa la lita 100 badala ya 200. Nimefurahi kuliko siku niliyosifiwa na mjomba.

Mjomba mwenyewe lile tangi bado lipo mapokezi. Ameweka maua ya plastiki. Mwezi uliopita nilipomsalimia akaniuliza taratibu, kama hataki watu wasikie, "Hivi kile kisanduku cha yule mzee wa Bunda kinapatikana wapi?" Nimemwambia cha kwangu nitamwazima. Ila safari hii sponji hagusi mtu.

Kama kuna mdau anafuga huko Bunda, Tarime, Ukerewe au pwani, aweke namba zake za pH kwenye maoni hapo chini tulinganishe, na aseme maji ni ya bomba, kisima au ziwa. Nawasilisha.